UWIANO NA VIPEO: HISTORIA YA KANUNI TULIZOZIKARIRI

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi leo,

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia, bila shaka alitazamia kwamba ningeandika juu ya mabweni, gwaride au timu zetu za mpira. Mambo hayo wenzangu wamekwisha yaandika, tena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nimeonelea nieleze historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu alipewa hapa shuleni, awe mchezaji au mwanakwaya, apende asipende: hesabu za uwiano na kanuni za vipeo.

Sababu yangu ni hii. Mimi ni mtumishi wa Serikali katika kazi za mipango. Nina shahada ya Chuo Kikuu, lakini nikipima vitu ninavyovitumia mezani pangu kila siku, naona kwamba sehemu kubwa nilipewa kati ya Kidato cha Kwanza na cha Tatu, katika miaka ya 1990, kwa chaki na ubao. Wakati huohuo nasikia vijana wakisema kwamba hisabati ni ya wenye vipaji, na kwamba kanuni za vipeo ziliwekwa ili kuwafelisha watu. Hapana budi maneno hayo yajibiwe, na jibu lililo bora ni historia yenyewe.

MANENO MAWILI

Tuanze na lugha. Aniwiaye ni yule anidaiye, na watu wawili wanaowiana ni watu wanaodaiana. Ndivyo zilivyo namba zilizo katika uwiano: moja ikiongezeka, nyingine inawajibika kuongezeka kwa kadiri ileile, kana kwamba inalipa deni. Kibaba kimoja cha unga kikiwatosha watu wawili, pishi moja, yaani vibaba vinne, itawatosha watu wanane. Huo ni uwiano wa moja kwa moja. Vibarua wanne wakilima shamba kwa siku sita, vibarua wanane wa nguvu ileile watalimaliza kwa siku tatu. Huo ni uwiano wa kinyume: watu wanapozidi, siku zinapungua.

Kipeo nacho ni ndugu wa upeo, mahali ambapo jicho linafika likakoma. Tunapoandika 2⁵ tunaamuru 2 ijizidishe mara tano: 2 × 2 × 2 × 2 × 2, ambayo ni 32. Ile 5 ndogo iliyokaa juu begani ndiyo kipeo. Inaonekana kitu kidogo, lakini katika hisabati nzima ni vichache vilivyo na nguvu kama hicho.

Mwalimu wetu wa hisabati alituonyesha nguvu hiyo kwa bao, mchezo tuliokuwa tukiucheza chini ya mwembe siku za Jumamosi. Alituletea darasani bao lenye mashimo 32 na kete 64. Akamwamuru mwenzetu mmoja atie kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, na aendelee vivyo hivyo akiongeza maradufu. Tulidhani kete zingefika mbali. Shimo la sita lilipojaa zilikuwa zimetumika kete 63. Shimo la saba lilidai kete 64, na mkononi mwa mwenzetu ilibaki moja! Mwalimu akatuuliza shimo la 32 peke yake lingedai kete ngapi. Tulifanya hesabu hiyo jioni nzima bwenini: ni 2³¹, yaani kete 2,147,483,648.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ni hisabati ya uwiano, kwani kila siku inaongeza kipimo kilekile. Hisabati ya vipeo ni nyingine kabisa. Asiyezitofautisha hizi mbili ataendelea kushangaa maisha yake yote, na akiwa na madaraka atawashangaza na wengine.

CHIMBUKO LAKE NI AFRIKA

Wako wanaodhani kwamba mambo haya yalitoka Ulaya yakaletwa kwetu kwa meli. La hasha. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, limehifadhiwa gombo la mafunjo lililoandikwa Misri kiasi cha mwaka 1550 kabla ya Kristo, kwa mkono wa karani aitwaye Ahmes. Huyu naye alikuwa mtu wa ofisi, na mwenyewe anaeleza kwamba ananakili maandishi ya zamani zaidi. Ndani yake mna hesabu za kugawa mikate kwa watu wasio na mafungu sawa, hesabu za mteremko wa piramidi, na hesabu za kulinganisha mikate na pombe kwa kiasi cha nafaka iliyotumika. Kadiri mikate mingi ilivyotolewa katika kipimo kimoja cha nafaka, ndivyo kila mkate ulivyokuwa hafifu. Huo ni uwiano wa kinyume ukifanya kazi katika ghala ya Serikali, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

Hesabu ya 79 ya gombo hilo ni ya ajabu zaidi. Karani ameorodhesha nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke 2,401 na vipimo vya nafaka 16,807, akajumlisha akapata 19,607. Kila namba ni mara saba ya iliyoitangulia. Hakuwa na alama ya kipeo, lakini aliyoyaandika ni 7, 7², 7³, 7⁴ na 7⁵. Kijana wa Kidato cha Pili anayelalamika kwamba vipeo ni mambo ya kigeni na akumbuke paka hao wa mto Nile.

WAYUNANI, WAHINDI NA WAARABU

Wayunani waliupa uwiano msingi wa hoja. Eudoxus aliweka maana ya uwiano iliyoweza kushika hata urefu usioandikika kwa sehemu kamili, na Euclid akaipanga katika kitabu cha tano cha maandishi yake, kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, alimwandikia mfalme Gelon akimwonyesha jinsi ya kutaja namba iliyo kubwa kuliko idadi ya chembe za mchanga ambazo zingeujaza ulimwengu wote. Ili afanye hivyo alizipanga namba kwa madaraja, akathibitisha kwamba ukizidisha namba mbili katika mpango wake, nafasi zake zinajumlishwa. Kwa maandishi yetu ya leo, 10³ × 10⁴ = 10⁷. Kanuni ya kwanza ya vipeo basi ilizaliwa kwa ajili ya kuhesabu mchanga.

Nchini India, Aryabhata alieleza mwaka 499 kanuni ya vitu vitatu: ukijua vitatu katika uwiano, cha nne kinapatikana kwa kuzidisha na kugawanya. Ni kanuni ileile ambayo wengi wetu tuliifahamu kwa kalamu 3 zinazouzwa shilingi 150, tukaulizwa bei ya kalamu 7. Katika Baghdad, kiasi cha mwaka 820, al-Khwarizmi aliandika kitabu kilicholipa somo la aljebra jina lake, na humo akaweka sura ya biashara iliyojengwa juu ya uwiano wa namba nne: kipimo, bei, kiasi kinachotakiwa na malipo yake. Alisema wazi kwamba aliwaandikia watu wanaogawana mirathi, wanaofanya biashara na wanaopima ardhi. Neno letu hisabati limetoka katika lugha hiyo ya Kiarabu, na wafanyabiashara wa mwambao wetu, waliopima pembe na karafuu kwa frasila, waliishi kwa hesabu za namna hiyo karne nyingi kabla ya shule kama yetu kujengwa.

Mji huohuo wa Baghdad ulimtoa al-Samaw'al katika karne ya 12. Akiwa na umri wa miaka 19 tu, umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Sita, aliandika kitabu chenye jedwali la vipeo. Katikati aliweka 1, upande mmoja vipeo vinavyopanda, upande wa pili sehemu zinazoshuka, akaeleza kwamba kuzidisha ni kuhesabu hatua kutoka safu moja hadi nyingine. Kwa hiyo vipeo hasi, ambavyo hutoa jasho katika chumba cha mtihani, vilipangwa na kijana.

ULAYA: KUTOKA UWIANO HADI ALAMA

Hapa historia inafika mahali ambapo uwiano na vipeo vinakutana. Nicole Oresme, mwanachuoni wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1382, alikuwa akichunguza jinsi uwiano mmoja unavyounganishwa na mwingine. Aliona kwamba uwiano wa 9 kwa 1 umeundwa na uwiano wa 3 kwa 1 uliotumika mara mbili. Basi akauliza: nusu ya uwiano wa 9 kwa 1 ni nini? Jibu ni 3 kwa 1. Ndiyo maana leo tunaandika 9 yenye kipeo cha nusu tukimaanisha kipeuo chake cha pili, yaani 3. Kipeo kilicho sehemu hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilizaliwa tumboni mwa uwiano.

Mfaransa mwingine, Nicolas Chuquet, alitumia kipeo sifuri na vipeo hasi katika kitabu cha mwaka 1484, lakini kitabu hicho kilikaa bila kuchapwa hadi mwaka 1880. Mjerumani Michael Stifel, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1544, alipanga safu mbili, moja chini ya nyingine. Nitaziandika hapa, kwa maana ndizo ufunguo wa somo zima:

Vipeo: −3, −2, −1, 0, 1, 2, 3, 4, 5
Namba: ⅛, ¼, ½, 1, 2, 4, 8, 16, 32

Wadogo zangu, zitazameni safu hizi kwa utulivu. Juu tunapiga hatua kwa kujumlisha 1, chini tunapiga hatua kwa kuzidisha kwa 2. Ukitaka kuzidisha 4 kwa 8, tazama juu yake: 2 na 3. Jumlisha, unapata 5. Shuka chini ya 5, utakuta 32. Kugawanya nako kumekuwa kutoa: 32 gawanya kwa 8 ni 5 toa 3, yaani 2, na chini yake ni 4. Sasa jibuni lile swali linalowasumbua wengi: kwa nini namba yenye kipeo sifuri ni 1, wala si sifuri? Rudi nyuma kutoka 8 hadi 4, hadi 2. Kila hatua unagawanya kwa 2. Hatua inayofuata ni 1, na juu yake pamekaa sifuri. Mwalimu hakutulazimisha kuamini jambo hili. Mpangilio wenyewe haukubali jibu jingine.

John Napier wa Uskoti aliyatumia mawazo ya safu mbili kutengeneza logarithi, akazichapa mwaka 1614 baada ya kazi ya kiasi cha miaka 20. Mwaka 1615 Henry Briggs alifunga safari kutoka London hadi Edinburgh kumwona, wakakubaliana kwamba majedwali yaliyo bora yawe ya msingi wa 10. Napier alifariki mwaka 1617, na Briggs akatoa majedwali yake makubwa mwaka 1624, yenye tarakimu 14 baada ya nukta. Hayo ndiyo babu ya kile kitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne tulichokifunga kwa karatasi ya kaki. Logarithi ya 2 ni 0.3010, ya 3 ni 0.4771, zijumlishe upate 0.7781, nayo ni karibu sawa na logarithi ya 6.

La kustaajabisha ni kwamba logarithi zilitangulia alama. Hadi mwaka 1637, alipochapa kitabu chake cha jiometri, ndipo René Descartes alipoeneza desturi ya kuandika kipeo kama namba ndogo juu ya herufi. John Wallis, mwaka 1656, alieleza maana ya vipeo hasi na vya sehemu, na Isaac Newton akaviandika kama tunavyoviandika sisi katika barua ya Juni 1676 iliyokusudiwa kumfikia Leibniz.

Mwaka 1619 Johannes Kepler alikuwa amekwisha tangaza kanuni yake ya sayari: mraba wa muda wa mzunguko huwiana na mchemraba wa umbali kutoka kwenye jua. Jupita iko mbali na jua mara 5.2 kuliko dunia. Mchemraba wa 5.2 ni kiasi cha 140.6, kipeuo chake cha pili ni karibu 11.9. Na kweli Jupita huzunguka jua kwa muda wa karibu miaka 12. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuifanya hesabu hii kwa penseli.

KWETU NYUMBANI

Babu zetu walilazimishwa kujifunza uwiano kila utawala ulipobadili sarafu. Chini ya Wajerumani rupia moja ilikuwa na pesa 64, hadi mwaka 1904 ilipofanywa kuwa na heller 100. Waingereza nao walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Mwenye duka asiyejua uwiano aliliwa mchana kweupe.

Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali, na maneno kama uwiano, kipeo na kipeuo yakawa mali ya mtoto wa kijijini. Kisha mtoto huyohuyo anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu kimebadilishwa jina kwa Kiingereza. Nimewaona wengi waliodhani wamesahau hisabati, kumbe wamepotewa na majina tu. Kwa hiyo nawashauri wadogo zangu: katika madaftari yenu andikeni majina yote mawili, wala msione haya kufikiri kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

MEZANI PANGU

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si la mtihani tu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9. Ongezeko hadi sensa iliyofuata lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mtu wa uwiano mtupu atazidisha 3.2 kwa miaka 10, apate asilimia 32, na atatabiri watu milioni 59.3. Lakini watoto waliozaliwa wanakua na kuzaa, hivyo asilimia ya kila mwaka inahesabiwa juu ya jumla mpya. Hesabu ya haki ni 44.9 mara 1.032¹⁰, nayo inatoa karibu milioni 61.5. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta milioni 61.7.

Tofauti kati ya mtu wa uwiano mtupu na ukweli ni watu milioni 2.4. Hao si tarakimu. Ni watoto wanaokaa sakafuni kwa kukosa madawati, akina mama wawili katika kitanda kimoja cha wodi ya wazazi, na kisima kilichochimbwa kwa ajili ya kijiji ambacho kimekwisha kuwa mji. Nimekaa katika vikao ambamo makisio ya namna hiyo yalipitishwa kwa makofi, na miaka michache baadaye shule ikawa haitoshi kabla rangi yake haijafifia. Fedha haikuibwa na mtu. Kipeo hakikutazamwa, basi.

Uwiano nao una maisha ya watu mikononi. Zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4 hubeba ghorofa; anayepunguza saruji kimyakimya anaubadili uwiano, na nguzo haiwezi kudanganywa kama mkaguzi. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mbolea hupimwa kwa eneo la shamba. Mwananchi asiyejua uwiano hawezi kumhoji fundi, wala muuza dawa, wala diwani wake.

NENO KWA WADOGO ZETU NA KWA WENZANGU

Kutoka kwa karani Ahmes hadi barua ya Newton ni zaidi ya miaka 3,200. Muda huo wote, watu wenye akili kubwa kutoka Misri, Uyunani, India, Baghdad na Ulaya waliyatafuta mambo haya hatua kwa hatua, na wengine walifariki kabla ya kuona alama tunayoiandika leo. Ninyi mnapewa yote kwa majuma machache katika Kidato cha Pili. Kijana asiyeelewa juma la kwanza si mjinga. Anatembea kwa siku moja mwendo ambao binadamu waliutembea kwa karne nyingi. Arudie zile safu mbili za Stifel, achore yake ya 3 na ya 5, amwulize mwalimu, amwulize jirani. Atakayezitengeneza kanuni kwa mkono wake mwenyewe hatakuwa na haja ya kuzikariri.

Kwenu wenzangu wa zamani, siku ya mkutano wetu tutakula, tutacheka na kuwakumbuka marehemu. Naomba tufanye na jambo moja zaidi. Kila mmoja aje na kitabu kimoja cha hisabati au cha majedwali kwa ajili ya maktaba ya shule, na wale ambao kazi zao hutumia hesabu, wahandisi, wahasibu, waganga na wapima ardhi, watenge saa moja ya kuingia darasani na kueleza wanazitumiaje. Tukija wanachama 10, na kila mmoja akawavuta wengine wawili mwaka ujao, nao wakawavuta wawili wawili, msidhani kwamba ni jambo dogo. Chukueni bao, mhesabu kete.